Mpini wa pili wa mashine ya kuni usifungwe kamba

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye mabanda ya kuni, wenye matanuri, wapishi wa shughuli na mafundi wa vyuma wa Unguja na Pemba. Nataka kusema nao juu ya mashine za kuchanja kuni za mtumba, ambazo siku hizi mtu huzikuta zimepangwa pamoja na majenereta na majokofu yaliyoshuka kwenye makontena. Mimi nina tanuri la mikate ya boflo hapa Wete, nimelirithi kwa marehemu baba yangu. Tanuri halijui siku ya mapumziko, na kuni zake lazima ziwe zimeshachanjwa na kukauka kabla hazijahitajika.

Mashine hizi zinakuja na mipini miwili ya kuendeshea. Zikifika kwetu, mmoja unafungwa kamba ili ukae umebanwa wakati wote. Hilo ndilo lililonikalisha kitako kuandika.

Kwa asiyezijua, nasema zile za kusimama. Ipo nguzo ya chuma, juu yake silinda ya haidroli, na chini ya silinda kabari inayopanda na kushuka. Gogo husimamishwa juu ya meza, chini ya kabari. Kila upande wa nguzo una mpini, na kila mpini una ukucha wa kulishika gogo. Ukiibana mipini yote miwili, kabari inashuka. Ukiachia mmoja, inasimama pale pale. Ukiachia yote, inarudi juu. Aliyeibuni alitaka kabari inaposhuka mkono wako wa kulia uwe kwenye mpini wa kulia na wa kushoto kwenye wa kushoto, basi usiwepo mkono wowote penye gogo. Kwa sababu hiyo pia ni mashine ya mtu mmoja. Anayepanga gogo ndiye huyo huyo anayeshusha kabari.

Na nguvu zake si za mchezo. Yangu ina silinda ya kipenyo cha sentimita 6, yaani eneo la sentimita za mraba 28 na kitu. Pampu inasukuma mafuta kwa presha ya bar 250, na bar moja ni kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Ukizidisha utapata zaidi ya tani 7, uzito wa gari ndogo saba umekalia ukingo mmoja wa chuma. Kabari haiendi mbio, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanaiona inashuka taratibu wakadhani wataiwahi. Lakini kidole kikishabanwa kati ya kabari na ukuni, haijalishi tena chuma kinakwenda pole au kasi.

Kijana mmoja wa mtaa wa pili na kwangu amepoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto katika banda ambalo sitalitaja. Mpini wa kushoto wa mashine ile ulikuwa umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Alikuwa akishika gogo kwa kushoto na kushusha kabari kwa kulia. Nilikwenda kumtazama hospitali. Waliokuwepo walisema ni ajali, ndivyo Mungu alivyopenda. Mimi kadari naiamini, lakini ule mpira uliviringishwa na mtu kwa mikono yake, akaukaza, akauacha.

Nilipoipata mashine yangu nayo ilikuwa na alama ya kamba kwenye rangi ya mpini. Kwa hiyo niliulizia kwa wenzangu wa kazi, mmoja mmoja, kwa nini wanafunga. Hakuna aliyesema anapenda hatari. Wote walinipa jibu moja: gogo halisimami. Na ni kweli. Zile kucha zilizokuja na mashine ni fupi na bapa, zimekusudiwa magogo ya Ulaya yaliyonyooka, yaliyokatwa kwa msumeno kwa urefu mmoja. Sisi tunachanja mikeshia iliyopinda, mivinje migumu, na mwembe wenye mafundo ambao nyuzi zake zimejisokota. Likiwa fupi, ukucha unapita hewani. Likiwa limekatwa mshazari kwa panga au shoka, linayumba. Mtu anatoa mkono mmoja alishike, na ili kazi iende anafunga mpini.

Ndiyo maana sioni faida ya kumgombeza kijana wa bandani na kumwachia mashine ile ile. Ukimfungulia kamba asubuhi, adhuhuri ameifunga tena, kwa sababu bado ana rundo la kumaliza na gogo bado halisimami. Kinachotakiwa ni gogo lisimame lenyewe, ili asiwe na haja ya kulishika. Basi nikaipeleka mashine kwa fundi wangu wa Machomanne, Chake Chake, tukakaa nayo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kucha. Fundi alikata bamba la springi la gari akachonga kucha mbili mpya, ndefu kuliko za zamani, kila moja na meno matatu. Hakuzichomelea. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, weldi yake ikipoa haraka hupasuka, tena hupasuka ukiwa kazini. Alizifunga kwa bolti moja nene kila upande, na hakuikaza mpaka mwisho, ili ukucha uweze kucheza kidogo na kufuata umbo la gogo. Kisha akatoboa matundu kadhaa kwenye kila mpini, moja juu ya jengine, ili kucha zipandishwe gogo likiwa refu na zishushwe likiwa fupi. Nati ya kujifunga yenyewe inatosha kuzuia bolti isilegee kwa mtikisiko.

Kazi ya pili ilikuwa meza. Hapa aliweza kuchomelea bila hofu, maana ni chuma laini. Alichukua vipande vifupi vya nondo, akavichonga ncha, akavipanda juu ya meza vikitokeza kiasi cha ncha ya kidole. Gogo likikalishwa na kabari ikaligusa kidogo tu, ncha zile zinauma chini na halitelezi tena. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko linalofaa kuliko yote, na ndilo rahisi kuliko yote. Mwenye mashine asiyeweza kufanya jengine afanye hili.

Lipo na la bure kabisa, nalo liko msituni na si kwa fundi. Magogo yakatwe sawa, pembe mraba, kwa msumeno. Gogo lililokatwa sawa linakaa. Nimewaomba wanaoniletea mikeshia wakate kwa urefu wa sentimita 40 na wasiache mshazari. Walisita mwanzo, lakini nilikubali kuongeza bei kidogo, na sasa wenyewe wanaona kwamba mzigo uliokatwa sawa unapangika vizuri zaidi kwenye gari la ng'ombe.

Tumeongeza pia vibao viwili vya chuma kushoto na kulia, kimo cha kiuno. Gogo linapopasuka, nusu mbili zinaegemea pale badala ya kuanguka miguuni. Huokoti tena kutoka chini ili upasue mara ya pili, na mgongo unapumzika. Kwa magogo mazito meza yenyewe inashushwa mpaka karibu na ardhi, gogo likaviringishwa na kusimamishwa bila kunyanyuliwa. Kipande cha mwembe mbichi chenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu kama huo kina kilo 45 hivi. Nani anyanyue hicho kutwa nzima? Kwa magogo mafupi meza inapandishwa, ili mtu afanye kazi amesimama wima.

Nguzoni mwa mashine nyingi ipo fimbo nyembamba yenye kituo kinachosogezwa kwa skrubu. Wengi hawajui kazi yake na baadhi wameing'oa. Ile ndiyo inayoiambia kabari irudi mpaka wapi. Ukiwa unachanja vipande vifupi, shusha kituo, kabari itarudi juu kidogo tu ya ukuni badala ya kupanda mpaka kileleni. Kazi inakwenda kasi zaidi, na kijana hapati sababu ya kutafuta njia ya mkato. Nawaambia wenye haraka: muda hupotea pale, haupotei kwenye mpini wa pili.

Sasa umeme. Tangu waya wa chini ya bahari ulipofika Pemba kutoka Tanga mwaka 2010, wengi wetu tumeacha injini za petroli tukageukia mota, na ni vyema, moshi wake hatuuvuti. Lakini mashine hizi zina swichi ya namna yake. Ndani yake mna koili inayoishika swichi maadamu umeme upo. Umeme ukikatika, koili inaachia, na umeme ukirudi mota hailii mpaka mtu abonyeze tena. Swichi hii ikiungua, mafundi wetu hufunga mahali pake ya ukutani, ile ya taa. Mashine inafanya kazi, mwenye mashine anafurahi. Halafu umeme unakatika katikati ya kazi, kijana anasahau kuzima, anainama kunasua kipande kilichokwama chini ya kabari, na umeme unarudi. Ikiwa na mpini mmoja umefungwa kamba, na mwili wake ukausukuma ule wa pili, hakuna haja ya kumaliza sentensi hii. Nawasihi mafundi wa umeme wasikubali kufunga swichi ya taa kwenye mashine yoyote inayokata, kupasua au kusaga, hata mteja akisema ana haraka. Swichi ya koili inapatikana, na ikikosekana Pemba iagizwe Unguja au Dar es Salaam.

Waya wa kuvutia umeme nao usiwe ule mwembamba wa feni. Mota ya kilowati 3 inavuta ampia 13 na zaidi. Waya mwembamba unapata moto, umeme unaofika unapungua, mota inashindwa na mwisho inaungua. Waya wa milimita za mraba 2.5 unafaa, usiwe mrefu kupita haja, na waya wa ethi usikatwe. Wakati wa vuli, mvua zinaponyesha na kuacha, mashine isimame chini ya paa na mtu asiiendeshe ikiwa ardhi imerowa.

Kuhusu mafuta ya haidroli nina jambo ambalo kila banda lingelijua. Mpira wa presha ukitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta yanatoka kama uzi usioonekana, na wengi hupapasa kwa kidole kutafuta yanakotoka. Presha ile inayapenyeza mafuta ndani ya ngozi. Pale pale unaona kitone tu, kama umechomwa na mwiba, na huenda usisikie maumivu makubwa. Ndani lakini nyama inaharibika. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali saa ile ile, asisubiri kivimbe, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyoingia mwilini. Kutafuta uvujaji, zima mashine kwanza ukague kwa macho. Ikilazimu iwe inafanya kazi, pitisha kipande cha kadibodi badala ya mkono. Na yawe mafuta ya haidroli kweli, namba 46 inafaa joto letu. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari inakula mipira ya kuzibia na kuleta uvujaji huo huo ninaousema.

Nimeambiwa kuna wanaotaka kutengeneza wenyewe mashine ya parafujo, ile yenye chuma kilichochongoka kinachozunguka na kujipenyeza ndani ya gogo. Ni rahisi kuunda, mota na mkanda na chuma kimoja kilichochongwa. Mimi siitaki hata kwa bure. Parafujo haijui kuachia. Ikishika ncha ya kanga, mkono wa kanzu au glavu, inavuta na kuendelea kuvuta, na gogo lenyewe likikataa kupasuka linazunguka nalo na kumpiga aliye karibu. Katika visiwa ambavyo mama na dada zetu hufanya kazi wakiwa na kanga mbili na mtandio, chombo hicho hakina mahali.

Nimewataja kina mama, na ukweli ni kwamba wengi wao hawatapata mashine wala hawaihitaji. Anayepika maandazi barazani anahitaji vijiti vya kuwashia na vipande vyembamba. Bado anashika ukuni kwa mkono mmoja na shoka au panga kwa mwengine. Huko New Zealand msichana wa skuli aitwaye Ayla Hutchinson alimuona mama yake akijikata kidole kwa namna hiyo hiyo, akabuni kifaa kilichopindua kazi. Makali yamesimama juu, yamefungwa imara ndani ya duara la chuma. Unasimamisha ukuni juu ya makali na kuugonga kwa nyundo. Makali hayasogei, kwa hiyo hayawezi kukufuata. Mafundi wetu wana uwezo wa kutengeneza kitu cha namna hiyo kwa ukingo wa springi na pete ya chuma kizito, kikafungwa juu ya kigogo cha mfenesi. Waangalie tu pete iwe ndefu kuliko makali, mtu asiyaangukie, na nyundo isigonge makali yenyewe.

Na wanaoendelea na shoka na kabari za mkono, ambao ndio wengi, wana njia mbili za kujikinga zisizo na gharama. Tairi kuukuu la gari liwekwe juu ya kigogo cha kuchanjia, magogo yasimamishwe ndani yake. Ukipiga, vipande vinabaki mle mle, haviruki kwenye ugoko wala havikulazimishi kushika kitu. Njia ya pili ni ya kabari. Kichwa chake kikigongwa sana hutanuka na kufanya kingo kali zilizopasuka. Kingo hizo ndizo zinazoruka na kuingia machoni. Zisagwe kwa jiwe la kunolea kabla hazijaruka.

Huenda mtu akasema kuni zenyewe tuziache, tuhamie gesi. Mimi siwapingi wanaoweza. Lakini tanuri langu ni la matofali na halijui gesi, na sufuria la pilau la watu mia tatu kule Konde au Kengeja bado linakaa juu ya mafiga. Maadamu tunachoma kuni, tuchome mikeshia na mivinje iliyopandwa kwa kazi hiyo, na mikarafuu iliyokwisha kufa yenyewe, baada ya kupata ruhusa ya kuikata, si mikandaa ya pwani wala miti ya msitu wa Ngezi. Na tuchome zilizokauka. Mkeshia uliochanjwa unakauka haraka zaidi kuliko gogo zima lenye gome, na moshi unapungua mno, jambo ambalo macho ya wafanyakazi wangu yanalishuhudia. Mimi huchanja zangu baada ya masika na tena katika kaskazi, nikazipanga mahali penye upepo.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wafanyabiashara wanaoleta mashine za mtumba. Kabla ya kuuza, fungueni kamba zote, hakikisheni mipini yote miwili inafanya kazi na swichi ni ile ya koili. Mnunuzi huenda hajui la kuuliza, nanyi mnajua. Mpeni na maelezo kwa Kiswahili, japo karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu kitabu kinachokuja na mashine mara nyingi ni cha Kijerumani au hakipo.

La pili ni kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Vijana wanaojifunza uchomeleaji katika kituo cha Vitongoji wanatengeneza milango na madirisha, na kazi ni nzuri. Wapewe na hii. Kucha za springi, ncha za nondo na vibao vya pembeni ni mazoezi yanayofundisha kutoboa, kukata, kuchomelea na kujua chuma kipi kichomelewe na kipi kisichomelewe, na kila zoezi likimalizika kuna banda linalolihitaji. Wakitaka mashine ya kupimia, yangu wataikuta. Niko tayari kuisimamisha siku yoyote isipokuwa Ijumaa, waje na mwalimu wao, waifungue, waichore na kupima wanachotaka. Mafundi wengine pia wakaribie. Gharama yote ya marekebisho niliyoyaeleza ilikuwa ndogo kuliko bei ya pampu mpya, na fundi wangu amesema hataki kuificha kazi hii, anayetaka aige.

Yule kijana wa mtaa wa pili ameniuliza kama ninaweza kumpa kazi. Ameanza, yuko kwenye mashine yangu hii niliyoieleza, na vidole vilivyobaki vinatosha kuubana mpini wa kushoto.

Wassalaam,

Mwenye tanuri la mikate,
Wete, Pemba